Kipa wa Mashindano Yaliyofutwa

Kila msichana mpya aliyeingia kwenye timu yake aliulizwa swali moja kabla hajapewa mpira. "Olimpiki ya mwaka wa arobaini, nani alishinda mbio za mita mia?" Msichana angechezea kamba za sweta lake, mwingine angetoa simu, na Kocha angesubiri bila haraka. Wa simu ndio waliorudi na jibu: hakuna. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeshaanza, Michezo ikafutwa. "Hapana," Kocha angesema. "Alikuwepo. Mwaka ule kuna mtu alikuwa anakimbia kuliko watu wote duniani. Aliamka, akala, akafanya mazoezi. Jina lake tu ndilo halipo. Haya, vaa viatu."

Kila mtu alimwita Kocha. Mchungaji alimwita Kocha, mwenye duka la vyakula vya kwetu alimwita Kocha, hata wazee wa Kizungu aliowahudumia kwenye nyumba ya wazee, ambao hawakujua mpira wa mikono ni kitu gani, nao walimwita hivyo kwa kusikia wengine. Mimi nilikuwa jirani yake kwa zaidi ya miaka kumi, mlango kwa mlango, huku ughaibuni, kwenye jengo moja refu la mtaa wa Rexdale ambalo lifti yake hufanya kazi inapojisikia. Mimi ni mtu wa Morogoro, nafungasha mikate kiwandani kule karibu na uwanja wa ndege. Yeye alitoka Bukavu. Kiswahili chetu kilikuwa kimoja na hakikuwa kimoja. Watu aliwaita batu, watoto batoto, timu ekipe, na ndivyo kwake ilikuwa njo vile. Majani ya muhogo ninayoyaita kisamvu yeye aliyaita sombe, na hakukubali kwamba ni kitu kile kile, kwa sababu, alisema, mimi nayaharibu kwa nazi. Nikimnukuu hapa najikuta nimemnyoosha akaongea kama mtu wa kwetu. Mnisamehe, masikio yangu ndivyo yalivyozoea.

Alikuwa mfupi. Watu walishangaa kusikia kwamba zamani alikuwa kipa, tena kipa wa kuitwa timu ya taifa, maana kipa wa mpira wa mikono hutarajiwa awe na mikono mirefu. Yeye alikuwa na viganja. Vilikuwa vipana kama vya mkandaji unga, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunyooka kabisa, vilivunjwa na mipira akiwa bado binti. Ukimpa kikombe cha chai hakukipokea, alikidaka. Siku moja mwanangu Neema, akiwa mdogo, alisukuma glasi mezani kwa kiwiko. Kocha, aliyekuwa anazungumza nami akiwa amelitazama dirisha, alinyoosha mkono chini ya meza akaipata hewani na kuendelea na sentensi yake.

Mazoezi yalikuwa Jumamosi, kwenye ukumbi wa jamii uliokuwa na mistari ya mpira wa kikapu. Mistari ya mpira wa mikono aliiweka mwenyewe kwa utepe wa gundi, akapiga magoti kuizungusha, na baada ya mazoezi akapiga magoti tena kuibandua, kwa sababu msimamizi wa ukumbi hakutaka uchafu kwenye sakafu yake. Wasichana walikuwa wa kila namna: Wakongo, Wasomali, wa Ghana, wawili wa Jamaika, na Neema wangu. Waliotaka kuwa makipa aliwasimamisha golini bila glavu akawarushia mipira ya tenisi kutoka karibu sana, mmoja baada ya mwingine, hadi mtoto ajifunze kutofumba macho. Kuna mama alilalamika kwamba huo ni ukatili. Kocha alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba radhi, na Jumamosi iliyofuata akafanya vile vile. "Mpira utakuja tu," aliwaambia watoto. "Ukifumba macho utakuja pia."

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alifukuza msichana aliyechelewa kidogo tu, lakini kanisani yeye mwenyewe aliingia mahubiri yakiwa katikati. Alifunga na kuomba kuliko sisi wote, ila hakuruhusu timu iombe kabla ya kucheza. Mtoto akianza kufumba macho na kuunganisha mikono alimwambia Mungu ana kazi nyingi, aachwe. Aliwanunulia viatu watoto ambao mama zao hawakujua, kisha akawasema watoto hao hao kwa ukali kana kwamba viatu waliiba.

Na Olimpiki ilipofika kwenye televisheni alivuta pazia. Hakutazama hata mchezo mmoja. Asubuhi yake lakini, tukikutana kwenye lifti, angeniuliza nani ameshinda nini, na angetaka kujua nani alikuwa wa nne, nani aliumia akashindwa kuanza. Ule mwaka wa korona, Michezo ya Tokyo ilipoahirishwa, alikaa ndani bila kujibu simu. Nilipomgongea mlango alifungua kidogo, amefunga kitambaa kichwani, akasema, "Tokyo tena." Sikumwelewa. Akanieleza pale pale mlangoni kwamba ile Olimpiki ya mwaka wa arobaini ilipangwa iwe Tokyo, Wajapani wakaingia vitani na China, wakairudisha, ikapelekwa Helsinki, na huko nako vita vikafika. Mwaka wa arobaini na nne ilikuwa iwe London, haikuwa. Kabla ya hapo, mwaka wa kumi na sita, Berlin; haikuwa. Kombe la Dunia la arobaini na mbili na la arobaini na sita, yote mawili hayakuchezwa. Aliijua miaka hiyo kama wengine wanavyojua siku za kuzaliwa za watoto wao.

Nilimwambia, ili kumpa moyo, kwamba hata hivyo vita viliisha na Michezo ikarudi.

"Njo vile," alisema. "Mashindano inarudiaka. Batu habarudi."

Akafunga mlango taratibu.

Kuna siku nyingine tulikuwa pamoja kwenye basi la Islington tukitoka sokoni. Mbele kulikuwa na ajali, polisi wamefunga njia, na kijana mmoja mwenye fulana ya kung'aa alipunga mkono basi lisimame. Akapanda ngazi ya mlango aongee na dereva. Nikasikia Kocha anazungumza kwa sauti kubwa, haraka haraka, kwa lugha nisiyoijua. Hakuwa anamwambia mtu yeyote. Alitazama mbele, mfuko wa viazi mapajani, na maneno yakamtoka mfululizo. Mwanamume mmoja wa Kinshasa aliyekuwa nyuma yetu alimjibu kwa upole kwa lugha ile ile. Kocha akanyamaza, akajifuta mdomo, na basi lilipopita ajali akashuka kituo kisicho chake akatembea. Yule mwanamume aliniambia kwamba mama yule alikuwa anataja kwa Kilingala jina lake, mtaa wa Kinshasa na jina la kaka yake. "Lakini lafudhi yake si ya Kinshasa kabisa," alisema. "Ni mtu wa mashariki huyo."

Kasoro yake kubwa wazazi wote tuliijua. Hakupeleka timu mashindanoni. Alifundisha wasichana kwa miaka, wakawa hodari hata walimu wa shule wakaja kuwatazama, na kila mwaka mashindano ya Montreal yalipotangazwa alipata sababu. Mara mwaka huu kipa hajaiva. Mara barabara ina theluji, na mashindano yenyewe ni ya mwezi wa tano. Wasichana wazuri walimwacha, mmoja mmoja, wakaenda kwenye voliboli au kikapu ambako walau watacheza na mtu. Hakuwazuia. Aliwaaga kwa mkono na kuwaambia watunze vidole.

Neema alibaki. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho kabla ya chuo, na alikuwa kipa. Mwanangu, kama watoto wengi wa hapa, Kiswahili anakisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza. Siku Kocha alipotangaza kwamba mwaka huu pia hawaendi, nilikuwa pembeni ya ukumbi nakunja makoti. Wasichana waliinamisha vichwa. Neema alisimama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake nikamsikia akimwambia mtu mzima sentensi nzima kwa lugha yetu. Alikuwa ameiandaa, ilionekana.

"Kocha, hapa vita hakuna. Nani anafuta sisi?"

Kocha akapiga magoti akaanza kubandua utepe sakafuni, ingawa mazoezi yalikuwa hayajaisha.

Kesho yake mchana alikuja kwangu na bakuli la sombe, akakaa jikoni, hakuvua koti. Alinisimulia mara moja tu. Nami nasimulia mara moja.

Mwaka wa tisini na nane yeye na rafiki yake Furaha waliitwa kutoka Bukavu kwenda Kinshasa, kambi ya timu ya taifa, kujiandaa na mashindano ya Afrika. Walikuwa wawili tu kutoka mashariki. Wengine wote walikuwa wa Kinshasa na huko magharibi. Furaha alikuwa winga, mrefu, mwembamba, anacheka hovyo. Walilala kitanda kimoja kwa sababu vitanda havikutosha. Mwezi wa nane vita vikaanza kwao mashariki, na uwanja wa ndege ukawa wa wanajeshi. Mzee wa chama cha mchezo aliwakusanya uani akawaambia wasilie. Akawasimulia habari za vita vikuu vya dunia, jinsi hata Olimpiki ya Wazungu ilivyosimama mara tatu, na kila mara ikarudi. Basi wao wafanye mazoezi, wawe tayari. Mashindano yataahirishwa lakini yatakuwepo. Wakafanya mazoezi kwenye ua ule, umeme umekatika, maji hakuna. Walimwamini.

Mapigano yalipokaribia jiji walipandishwa basi wahamishwe. Siku zile Kinshasa mtu yeyote mwenye uso wa mashariki, au Kiswahili mdomoni, alihesabiwa adui. Vijana wa mtaani walikuwa wameweka kizuizi cha mawe na magurudumu. Mmoja alipanda mlangoni akauliza ni nani humu si wa hapa. Kapteni wa timu, binti wa Kinshasa, alikuwa ameketi mbele ya wale wawili. Kijana alipomnyooshea Kocha kidole, kapteni alimshika Kocha bega akasema, "Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja." Akataja mtaa, akataja jina la kaka yao ambaye hakuwa kaka yao. Kijana akaridhika. Kisha akamnyooshea Furaha.

"Kapteni alifungua mdomo," Kocha aliniambia. "Nilimwona. Akaufunga."

Furaha aliambiwa aseme kitu kwa Kilingala. Alisema, na lafudhi ikamsema yeye. Wakamshusha. Basi likaruhusiwa kuondoka. Kuhusu kilichofanyika kule chini Kocha alitumia neno moja tu, tairi, na hakuongeza, nami sikuuliza.

Mashindano yale Kongo haikwenda. Yeye alivuka mto hadi Brazzaville, na kutoka huko miaka ikamfikisha hapa. Kwa mama yake Furaha, Bukavu, alipeleka ujumbe kwamba umati ulimchukua binti na hakuna aliyeweza kufanya lolote. "Na kapteni?" nikauliza.

"Yuko Montreal," alisema. "Ndiye anayeandaa haya mashindano. Kila mwaka ananitumia salamu kwa watu. Mimi nitamwendea nimwambie nini? Asante? Au nimuulize kwa nini mimi? Naogopa nikimuuliza atanijibu."

Akasukuma bakuli kwangu. "Lakini yule mtoto wako amesema kweli. Safari hii anayefuta ni mimi."

Tukaenda Montreal kwa gari la kukodi, mzazi mmoja akiendesha, wasichana wanaimba hadi sauti zikaisha. Kocha alikaa mbele akiwa ameushika mkanda wa kiti kwa mikono miwili. Ukumbi ulikuwa mkubwa, una mistari halisi, ya rangi. Nilimtambua kapteni kabla sijaonyeshwa: mwanamke mnene, filimbi kifuani, anatembea kwa kuchechemea kidogo na kila mtu anampisha. Alipomwona Kocha alisimama katikati ya uwanja. Akaja mikono wazi, akamkumbatia huku analia. Mikono ya Kocha ilibaki chini. Kisha Kocha akasema jambo fupi. Kapteni akamwachia, akajibu kwa maneno mengi, akionyesha vidole kama mtu anayehesabu wachezaji, na uso wake ukabadilika kadiri alivyosema. Kocha aliitikia kwa kichwa mara moja. Akarudi kwetu, akamwambia Neema, "Macho," akaenda kusimama pembeni.

Tulifungwa. Si vibaya, tofauti ya mabao mawili, na Neema aliokoa mipira ambayo hata watazamaji wa upande wa pili waliipigia makofi. Tukirudi, wasichana walilia, kisha wakacheka, wakaanza kupanga mwaka ujao. Kocha aliwamenyea machungwa akawapitishia nyuma. Sikumuuliza kitu. Wiki chache baadaye alisema magoti yamechoka, na mazoezi yakasimama. Hakuna aliyeyachukua. Neema akaenda chuo Ottawa. Jengo letu likaanza kukarabatiwa na wapangaji wa upande wake wakahamishwa. Yeye akapelekwa Lawrence Heights, na kutoka Rexdale huko ni mabasi mawili na treni, kwa hiyo ikawa simu, kisha ikawa salamu za kanisani.

Nilimwona mara ya mwisho msimu wa majani kupukutika. Nilipeleka kisamvu changu chenye nazi ili nimchokoze. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote, na kwenye nyumba ile ndogo televisheni ilikuwa inaonyesha habari za kwao, maana Bukavu ilikuwa imeingia vitani tena, mji umetekwa. Alizima sauti, akaacha picha. Alikula kidogo, akasema nazi haikuharibu sana. Kisha, bila mimi kuuliza, akanieleza alichojibiwa Montreal.

Alikuwa amemuuliza kapteni swali lile: kwa nini mimi. Na kapteni akamwambia ukweli. Alipofungua mdomo mara ya pili aliona kwamba akidai wadogo wawili hawataaminiwa, watashushwa wote watatu. Ikabidi abaki na mmoja. Na kipa wa pili wa timu alikuwa ameshatorokea kwao Matadi. Mawinga walikuwepo wanne.

"Alikuwa anapanga timu," Kocha alisema. "Mama Neema, yule msichana alikuwa na miaka ishirini na mbili na aliamini bado tutacheza. Mzee alituambia mashindano yatarudi. Timu haiendi bila kipa. Njo vile tu. Sikuokolewa mimi. Aliokolewa kipa, kwa ajili ya mechi ambayo haikuchezwa."

Nilikusanya sahani. Nyuma yangu akasema kwamba wiki iliyopita alimpigia simu mama yake Furaha.

Simu za Bukavu siku hizi zinakatika. Alijaribu mara nyingi hadi akampata, mwanamke mzee sana sasa, anasikia kwa shida. Alimwambia yote: basi, kijana mlangoni, kapteni, kipa na mawinga. Alimwambia yeye ndiye kipa. Upande wa pili ukawa kimya, akadhani laini imekatika, akaanza kuita.

"Nipo," mama alisema. "Hiyo winga ni nini?"

Kwa miaka yote ile mama hakuwahi kumwona bintiye akicheza. Alijua tu kwamba ana mpira. Basi Kocha akamweleza. Alimwambia winga ni yule anayekaa pembeni kabisa, kwenye kona, mahali ambapo goli linaonekana jembamba kama mlango uliofunguliwa kidogo. Kwamba anasubiri muda mrefu bila kuguswa na mpira, kisha ukija anaruka kuelekea ndani, hewani, akiwa ameegemea ubavu, na lazima arushe kabla hajagusa chini. Kwamba Furaha alikuwa anaruka hivyo huku anacheka, na kwamba mazoezini yeye, kipa, alishindwa kumzuia. Alieleza hadi sauti ikamkauka. Kule Bukavu mama alikuwa anarudia kila neno kwa watu waliokuwa naye chumbani.

"Halafu akaniuliza," Kocha alisema. Alikuwa anatazama viganja vyake, amevifungua mapajani. "Akaniuliza, sasa mwanangu, huyo winga ni mtu wa lazima, au wanaweza kucheza bila yeye?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, mama, bila yeye hatukucheza tena."